Waliosema Wanajua Kuogelea

Binti mmoja wa kijiji cha Nyamwaga alizama katika bwawa la Manchira siku ya matembezi ya kwaya. Kabla ya kucheza mpira majini, kiongozi wao aliuliza nani anajua kuogelea. Binti alinyoosha mkono, akaruhusiwa kwenda upande wa maji marefu. Msibani watu walinong'ona kwamba alidanganya ili apate kucheza.

Mimi huchunguza ajali za michezoni na matembezini. Kazi hii haitafuti wa kulaumiwa. Mtu akikosea, tunajiuliza aliona nini, alisikia nini, na kwa nini alichofanya kilionekana sawa kwake wakati ule. Nilipokwenda kumpa pole mama yake, aliniuliza jambo moja tu: kama mwanawe alikufa akiwa mwongo.

Niliwakuta wasichana wa kwaya nje ya kanisa, wakiongea Kikurya kwa sauti za chini. Nikawauliza kwa Kiswahili swali lile lile la kiongozi. Karibu wote wakanyoosha mikono. Mmoja akamsukuma mwenzake kwa bega.

"Huyu ndiye fundi. Anaogelea mpaka sabuni inaisha."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mimi sikuweza. Niliwaomba wanionyeshe kwa mikono wanavyoogelea. Wakainama, wakachota maji yasiyokuwepo, wakajisugua shingo na mabega. Kwao, kuoga ni nyumbani, kwenye beseni. Kuogelea ni kuoga mtoni. Kiongozi alikuwa mgeni, amehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali. Hakuwa na sababu ya kulishuku neno hilo.

Nilirudi kwa yule mama, nikamkuta akipukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa, nikamweleza polepole, nikirudia palipohitaji kurudiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alisema kweli."

"Alisema kweli, mama."

Alishusha pumzi, akaendelea na mahindi yake. Kisha akataka kujua mwanawe angeulizwaje ili yeye na kiongozi waelewane. Nilimwambia angeulizwa hivi: maji yakikuzidi kimo, unaweza kurudi ukingoni mwenyewe?

Mikono yake ikasimama.

"Angesema hapana," alisema. "Huyo, hata kijito kikijaa, alikuwa anavuka amenishika nguo."