Vijana Wetu Wametoka Sare

Babu yangu aling'olewa jino zima, akarudi nyumbani na bovu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikitaka kusimulia habari za mpira, jino la babu ndilo linalonijia kwanza, na kwa umri huu siwezi tena kushindana na kichwa changu. Mganga wa zahanati alikuwa mtu wa kutoka mbali, Kinyambo, lugha yetu, hajui hata salamu. Akamuuliza babu kwa Kiswahili, jino la juu au la chini? Babu akajibu, "Ndiyo." Mganga akarudia polepole na kwa sauti kubwa, maana tukikutana na asiyejua lugha yetu tunamfanya kiziwi: la juu, mzee, au la chini? Babu alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kumchosha mgeni. Akasema, "Ndiyo, ahsante." Likang'olewa la juu. Bovu lilikuwa la chini. Akatembea saa tatu kurudi kwake, shavu moja limevimba kwa ugonjwa na jingine kwa dawa.

Jioni ile ukoo ulikaa, ikaamuliwa kwamba lazima mtu mmoja nyumbani ajue Kiswahili. Nikachaguliwa mimi. Kwa hiyo shule sikupelekwa ili niwe karani wala padri, nilipelekwa kwa ajili ya meno ya wazee. Nilifika darasa la tatu. Hapo kahawa ikawa nyingi, mikono ya kuchuma michache, na Kiswahili nilichokuwa nacho wakasema kinatosha. Nilijua kusoma barua, nilijua kuuliza njia, nilijua alichotuambia mwalimu kila Jumatatu, kwamba asiye na sare asikanyage darasani. Sare ni nguo za shule, kaptula ya kaki na shati jeupe. Maana nyingine sikuijua, na sikuwa na sababu ya kuitafuta.

Kijiji chetu kiko upande wa Songambele, karibu na mpaka wa Uganda. Siku hizi wanasema ni Kyerwa, wakati ule yote ilikuwa Karagwe. Juzi nimepita pale, migomba ya zamani imekatwa, kuna kibanda cha kuonyesha mpira, vijana wamejaa mpaka mlangoni. Nilisimama kidogo nikaondoka. Sijawahi kuweza kukaa chini mpira ukitangazwa, utaona kwa nini.

Redio ilikuwa moja tu kitongoji kizima. Mwenye nayo alikuwa jirani yetu, Mnyarwanda aliyekuja zamani, kibarua wa kulima na kukamua ndizi za pombe kwenye maboma ya watu. Ujana wake aliumalizia Uganda kwenye mashamba ya miwa, na huko ndiko alikouokota ugonjwa wa mpira. Mawe ya redio yake, betri kwa wale waliozaliwa juzi, aliyaanika juani kwenye jamvi la kahawa ili yapate nguvu. Ukipita pale ulisikia harufu ya maganda ya kahawa na ukaona yale mawe yamepangwa kama vifaranga. Akikukuta unayagusa, utakimbia mpaka kwenu.

Huyo ndiye aliyenifundisha Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwezi wa tatu mwaka wa sabini na nane Uganda walifika fainali kule Ghana, na sisi wote huku tulikuwa upande wao. Tusingekuwaje? Shangazi zetu waliolewa ng'ambo, tulikuwa tunasikia redio yao kuliko yetu. Walifungwa mbili bila, na mwenye redio hakula siku mbili. Mwaka huohuo haujaisha, askari wa Uganda wakavuka mpaka, watu wa huko wakaanza kupita kwetu na magodoro kichwani, mbuzi wanavutwa kwa kamba, nasi tukaambiwa tuchimbe mahandaki nyuma ya migomba. Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilimuuliza mwenye redio kama Uganda wamekuja kutupiga kwa sababu wao walifungwa na sisi hatukufungwa. Akaniambia, "Nyamaza, chimba."

Jirani yetu wa pili alikuwa mama mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Huyo kijana alichukuliwa na lori kule Nkwenda, kwenye barabara kubwa, pamoja na wenzake wa mgambo, wakaenda vitani. Vita vikaisha, wenzake wakaanza kurudi mmoja mmoja, yeye hakurudi. Barua ilikuja moja, nikaisoma mimi: yuko mzima, wamebakizwa Uganda kulinda. Baada ya hapo kimya, miezi na miezi. Mama yule akawa haketi. Ukimkuta anapalilia, amesimama kuangalia njia. Ukimkuta kanisani, yuko kiti cha mwisho, karibu na mlango. Bibi yangu alikuwa akisema, "Yule mama anakula akiwa anatembea."

Basi, mwaka wa themanini, mwezi wa tatu tena, Tanzania kwa mara ya kwanza ikaingia lile kombe, kule Lagos. Mechi ya kwanza wenyeji wakatufunga tatu kwa moja. Ya pili Misri wakatufunga mbili kwa moja. Kwa ya tatu, na Ivory Coast, mwenye redio alikuwa na kibarua cha mbali, akaniachia redio nisikilize taarifa ya habari ya saa saba nimwambie matokeo jioni. Heshima gani hiyo. Niliikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, wakina mama wanamenya ndizi pembeni, na mama wa yule askari akiwa amesimama, kama kawaida yake.

Mawe yalikuwa yamechoka. Sauti inakuja, inazama, inakuja. Nilichopata ni hiki, nakikumbuka kama sala: "...vijana wetu... huko Lagos... wametoka sare... wanatarajiwa kurejea nyumbani wiki hii." Ikafa.

"Wamesemaje?" wakauliza.

Mimi mkalimani wa ukoo nikafikiri kidogo. Kutoka sare, nikaona, ni kutoka kwenye sare, yaani kuzivua. Wamemaliza mashindano, wamezirudisha nguo za mpira kwa wenyewe. Nikawaambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya mwalimu, kwamba vijana wetu wamevua sare, wanarudi nyumbani wiki hii.

Nieleze jambo moja hapa. Wakati wote wa vita redio iliwaita wanajeshi vijana wetu. Vijana wetu wamevuka mto, vijana wetu wamefika Masaka. Kwa mama yule, maneno hayo hayakuwa na watu wengine ndani yake. Na Lagos aliidhani ni mji ulioko mbele ya Masaka.

Alichukua panga akaenda migombani kwake.

Jioni mwenye redio akarudi, nikamwambia wamevua sare. "Wametoka sare," akasema. "Bao ngapi?" Sikujua. "Mtoto wewe, sare ni kwamba hakuna aliyemshinda mwenzake. Umeng'oa jino la juu." Hadithi ya babu ilikuwa imezunguka kijiji kizima.

Tulicheka wote wawili. Kisha nikatazama ng'ambo ya migomba, nikaona moshi. Mama yule alikuwa ameshachimba shimo, anaivisha ndizi za pombe. Nikaelewa anamngoja nani.

Siku zilizofuata sikutulia. Kila asubuhi nilikwenda kumwambia ukweli, na kila asubuhi nilimkuta na kazi mpya. Siku moja ametandaza majani mabichi sakafuni, nyumba nzima inanukia bonde. Siku nyingine anakaanga mtama wa kutia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, ananiita, "Baba yangu, njoo uonje maharage haya, yeye anayapenda na chumvi nyingi." Nikaonja. Nikasema mazuri. Nikaondoka mbio kama mwizi. Mchana alikwenda Nkwenda kungoja malori, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuonekana amekata tamaa, alisema wiki haijaisha.

Siku ya kukamua alimwita mwenye redio, maana miguu yake ilijulikana kwa kazi hiyo. Mimi nikapewa kuleta majani ya kukamulia. Mwenye redio alikuwa ndani ya mtumbwi wa mti wa kukamulia, suruali imekunjwa, ndizi mbivu zimemfika vifundoni, mramba, maji ya ndizi, unaanza kutoka mtamu na nyuki wamejaa, akauliza tu kwa kupitisha kazi:

"Mama, sherehe ya nini? Unaolewa?"

"Nani ataoa kisiki? Mwanangu anakuja. Si redio yako iliyosema?"

"Redio yangu?"

"Vijana wetu wamevua sare. Huyu hapa ndiye aliyetuambia."

Mwenye redio akaacha kukanyaga. Nyuki waliendelea. Alinitazama, na mimi nikatazama miguu yake, ina povu.

"Mwambie," akasema.

"Mwambie wewe, mzee."

"Mdomo ni wako. Mwambie."

Nikamwambia. Nilisema shikamoo kwanza, ingawa tulishasalimiana asubuhi. Nikasema mama, ulikuwa mpira. Nikasema sare si nguo. Nikasema ni bao moja kwa moja, hakuna aliyeshinda, ni wachezaji ndio wanarudi, na Lagos haiko Uganda. Nilisema yote mfululizo nikiogopa kwamba nikipumua nitakimbia.

Aliniangalia. Alikuwa na ungo wa mtama mkononi, akaendelea kuupepeta kidogo, mikono yenyewe tu.

"Wachezaji," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wao wana mama zao."

Akamgeukia mwenye redio. "Na wewe umesimama nini? Ndizi zikikaa zitaharibika. Kanyaga."

Akakanyaga. Pombe ilipokuwa tayari, mama aliwaita watu wote aliokuwa amekusudia kuwaita. Hakupunguza hata mmoja. Tulikaa kwenye yale majani mabichi, kibuyu kinazunguka, na sherehe haina mwenyewe. Ndipo mwenye redio akaanza kusimulia kombe. Alilihesabu kama watu wanavyohesabu ukoo. Lilizaliwa Khartoum, nchi tatu tu, Misri, Sudan na Uhabeshi. Ya nne ilikuwa Afrika Kusini, ikakataa kuchanganya weupe na weusi, wakaambiwa wabaki kwao. Misri wakalibeba la kwanza. Wahabeshi wakalichukua kwao nyumbani. Ghana wakalichukua, Kongo wakalichukua, Sudan, Moroko, na Ghana walipolipata mara ya tatu wakapewa wakae nalo moja kwa moja, ndiyo maana Lagos waligombea kombe jipya kabisa.

"Na sisi?" mama akauliza kutoka mlangoni, amesimama.

"Sisi tumepata sare moja, mama."

"Kwa safari ya kwanza si mbaya," akasema, na watu wakacheka kwa kushukuru, nami nikacheka mpaka machozi, ingawa sikuwa na haki.

Tulidhani tutakwenda tena miaka miwili baadaye. Ilichukua karibu arobaini. Wengi waliokaa kwenye majani yale hawakuiona ya pili.

Na kijana akarudi. Usinishangae. Alirudi mwaka uliofuata, siku ambayo hakuna aliyemtazamia, mama yake akiwa shambani na nyumba haijafagiliwa. Alikuwa amekonda, mpole, anaitikia shikamoo za watoto mmoja mmoja bila kuruka. Mama yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliketi. Aliketi siku nzima kwenye kigoda akimtazama anavyokula.

Sasa ni kijana aliyekuwa haketi. Alikata majani ya migomba yaliyokwisha kukatwa. Alisafisha njia ya kisimani, akaisafisha tena. Ukimwambia, "Kaka, pumzika," anasema, "Kweli," halafu anachukua jembe. Mama alimwambia bibi yangu kwamba mtoto amerudi lakini miguu bado inatembea, itachoka yenyewe.

Baada ya mavuno ya kahawa kulikuwa na Chalenji, kombe la nchi zetu hizi jirani. Uganda walikuwa wanacheza, kama sikosei na sisi, wajuzi watanisahihisha. Mwenye redio alikuja nayo uani kwa mama, mawe mapya kabisa, sauti safi mpaka nje ya boma, kwa heshima ya kijana. Ilikuwa alasiri. Mama anamenya ndizi, mimi kama kawaida natafsiri kwa wakina mama. Na mtangazaji wetu, Mungu amrehemu popote alipo, alikuwa fundi. Wanashambulia kutoka kulia. Ngome imepasuka. Anaachia kombora. Mlinzi ameanguka, ameanguka, wanamrukia. Nilitafsiri yote, sikuruka neno, nilijivunia Kiswahili changu kilivyokua.

Kijana alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda cha kahawa, anatwanga kidole gumba kwenye nguzo, taratibu.

"Nani amepigwa?" akaniuliza.

"Uganda, kaka. Kombora la mbali."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Akaliegemeza jembe ukutani vizuri, akalinyoosha lisije likamwangukia mtoto. Mwenye redio akanyoosha mkono kupunguza sauti, halafu akaacha, maana wakina mama walikuwa wanataka kujua.

"Unakwenda wapi? Ndizi zinaingia chunguni," mama akasema.

"Nakuja," akasema, kama tunavyosema sote tukiondoka.

Akapita katikati ya mibuni, akashika njia ya Nkwenda, mikono mitupu, hatua za kawaida za mtu anayekwenda kwa jirani. Mama alisogeza kigoda ili aone njia. Mtangazaji alikuwa bado anapiga kelele na mimi bado natafsiri, nikamwona akikata kona penye mwamba, na hatukumwona tena mpaka leo.