Mwani, Mlonge na Bakuli la Asali

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hushusha pumzi kwanza, ndipo naendelea na kazi. Nilikuwa msichana bado, naishi kwa dada yangu Zuhura, mshonaji hapa Tabora mjini. Dada alinenepa mpaka magoti yakawa yanamuuma. Hospitali walimpa vidonge vya presha, wakamwambia apunguze mwili.

Vidonge akavitia kabatini. Jirani alimletea unga wa mwani kutoka pwani, akamwambia unashibisha, mwili utapungua wenyewe. Dada akauchanganya na majani ya mlonge yaliyosagwa. Basi sisi watu wa Tabora unatujua, dawa haipiti kooni bila asali: kila kijiko cha unga alikisindikiza na bakuli la asali ya Kaliua! Mwili ukazidi kujaa. Naye, badala ya kuacha, akaongeza mwani.

Asubuhi hiyo akaanguka kando ya cherehani, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Niliogopa, mwanangu, nisikufiche. Mimi na shangazi yetu, Bi Mwajuma, tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Dada akanikonyeza ninyamaze, maana kwetu dawa za majani hazitajwi mbele ya daktari.

Shangazi akamwona. "Sema, Zuhura! Au unangoja tuje kuyasema matangani?"

Dada akasema yote. Alipofika kwenye bakuli la asali, daktari alishindwa kujizuia, akacheka. Wakampima, kisha daktari akatueleza: mwani una madini joto, yakizidi moyo huenda mbio, na presha nayo ilipanda kwa kukosa vidonge.

"Umewahi, mama. Moyo wenyewe mzima. Acha huo unga, urudie vidonge vyako."

Nilimkumbatia dada huku nalia kwa furaha, mpaka akalalamika kwamba namkaba.

Sikukatazi mlonge, mwanangu. Mboga yake naila hadi leo, na mwani ni chakula cha watu. Lakini hakuna unga utakaokupunguza mwili wakati sahani yako ni ile ile. Usiache vidonge vya hospitali kwa maneno ya jirani. Na ukiwa mbele ya daktari, taja kila unachokunywa, hata ukiona haya. Zuhura alitaja, nikajaliwa kuzeeka naye. Mungu akupe afya njema, na asikunyime mtu wa kukukaripia mapema.