Saksofoni na Meno ya Muzee

Saksofoni haitaki mabavu. Nawaambia wanaoanza, nao hawanisikii. Unailegezea mdomo, unaipa pumzi ya tumboni, inaimba yenyewe. Klarineti, yarabi! Ile ni ya kuuma. Ukilegea kidogo inapiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Halafu kuna kile kitufe cha kidole gumba. Kwenye saksofoni kinakupandishia noti ileile juu. Kwenye klarineti kinakurusha kwenye noti nyingine kabisa, na watu wote wanageuka kukutazama. Akija mtu kunitambia kwamba anazipiga zote mbili sawasawa, namjibu: mshika mawili, moja humponyoka.

Mimi nilizipiga zote mbili, lakini nilipenda moja tu. Ilikuwa saksofoni ya fanfari, yaani bendi ya tarumbeta, ya kampuni ya shaba, kambini kwetu Lubumbashi, miaka ile ya chama kimoja tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia. Ya kampuni kwa karatasi tu! Aliyeipangusa ni mimi, aliyelala nayo chumba kimoja ni mimi. Anshi, kile kibanzi cha tete kinachotetemeka mdomoni, zilipokosekana madukani, nilijichongea kwa matete ya mto Luapula niliyoletewa na wauza samaki wa Kasenga. Hazikudumu, lakini ziliimba.

Kando yangu alikaa muzee mmoja Mukasai, mpigaji wetu wa klarineti. Mtu wa majivuno, we! Suruali imenyooshwa, viatu vinang'aa, na uchokozi wake hauishi, hasa kwangu mimi niliyetoka Maniema.

“Mutoto ya Maniema, leo tena unapuliza bomba ya choo?”

“Muzee, yako iko kadogo sababu mwenyewe uko mufupi.”

Tulicheka hivyo kila siku. Nilimpenda, sifichi.

Kiangazi kimoja aliugua ufizi, akang'olewa meno yote ya mbele ya juu. Sasa klarineti hushikiliwa kwa meno hayohayo. Mazoezi ya kwanza alitoa mlio wa ajabu, wenzetu wakacheka. Shefu wa fanfari, kiongozi wetu, akasema mbele yetu wote, “Muzee, siku ya Mungu iko gwaride. Kama unapiga vile tena, utarudisha ala na yunifomu.”

Mke wake alikwisha kufa, watoto wake walikuwa mbali, Kasai. Alibaki na fanfari tu. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, leso mdomoni, analia. Safari hii hakuniita mutoto ya Maniema.

Dawa yake niliijua, na nilichukia kuijua. Saksofoni inavumilia mdomo mlegevu. Ukikunja mdomo wa juu ukafunika ufizi, inakubali. Lakini fanfari ilikuwa na saksofoni moja tu, nayo ilikuwa mikononi mwangu. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia shefu, nimemkasirikia aliyeng'oa meno, nimemkasirikia muzee mwenyewe. Kesho yake nikamsukumia sanduku la saksofoni.

“Shika. Yako nitaiuma mimi.”

“Aka! Mi hapana kupuliza bomba.”

“Basi rudisha yunifomu!”

Nilimfokea mtu wa umri wa baba yangu, Mungu anisamehe. Akashika. Na akaizoea upesi kuliko nilivyotaka. Shefu alinung'unika kidogo, kisha akakubali.

Jumapili, siku ya gwaride, tulisimama mbele ya wakubwa waliovaa abakosti, zile suti za chama zisizo na tai. Mimi na klarineti yangu nikabonyeza kile kitufe cha kidole gumba pasipotakiwa, noti ikaniruka. Hakuna aliyejali, maana muzee alikuwa ameingia na sehemu yake, ile niliyozoea kuipiga mimi. Sauti ilikuwa nene, ya upole, kama mtu anayekuita uje kula. Mimi sauti ile sijawahi kuitoa. Wivu ulinichoma, na bado nilikuwa na furaha hata macho yakanilowa.

Mke wangu alisimama nyuma kabisa ya umati, mtoto mgongoni, hakuona kitu. Nami sikuwa nimemwambia lolote. Alidhani saksofoni ililala ukumbini kwa ajili ya mazoezi. Tulipokaa kula bukari, ugali wetu, akasema, “Leo saksofoni ulipiga muzuri kupita siku zote. Nililia.”

Nilitafuna pole pole. Nikamwambia si mimi, ni muzee.

Akanitazama, akaniongezea samaki.

“Basi umuachie.”

Nikamwachia.