Mlango wa Mwalimu Lukusa

Mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Kolwezi, wengi walihama na milango yao. Nyumba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa au kuchomwa. Mlango angalau ulibebeka. Mwalimu Lukusa, mzaliwa wa Manika, mtaa wa mji huo huo, kama baba yake, aling'oa wa kwake akaulaza katika uwanja wa stesheni, mkewe Numbi apate kulala mbali na tope. Wakaingojea treni ya Kasai, jimbo la asili yao, pamoja na wenzao.

Numbi alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, jimbo lenyewe la Kolwezi, hakuna aliyemfukuza. Kila adhuhuri mdogo wake wa kiume, Kitenge, alimletea bukari, ule ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo, na kila adhuhuri aliuliza lile lile, akimwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, bilulu ni wao, hapana wewe. Utazalia humu?"

Bilulu, yaani wadudu: ndivyo Wakasai walivyoitwa mitaani.

"Huyu kilulu anakusikia," akasema Numbi, "na bukari yako anakula."

"Ninakula, shemeki," akasema Lukusa. "Kilulu hakatai chakula."

Kitenge alicheka, kisha akaona haya.

Asubuhi Lukusa aliusimamisha ule mlango, akauegemeza kwenye mizigo na kuwafundisha watoto Kiingereza kwa chaki aliyobaki nayo. Siku moja aliandika *hang on*.

"Uko kwenye telefone, mtu anabisha hodi. Unamwambia wa kwenye telefone *hang on*: subiri kidogo. Umepanda nyuma ya pikipiki, dereva anakuambia *hang on*: shika sana, usianguke. Ni maneno ya kusema na wenzako. Usimwambie mkubwa wa kazi."

"Na treni, mwalimu?" akauliza msichana Mianda. "Tuiambie?"

"Treni ndiyo inatuambia sisi."

Hata wazee waliolala juu ya magunia walicheka. Lukusa akapangusa vidole. "Lakini ni ya kitambo kidogo tu. Mtu unayemwacha kwa miaka, usimwambie hivyo. Utakuwa umemdanganya."

Numbi, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliyasikia yote.

Wiki ile mwanamke mmoja alijifungua nyuma ya mizigo, akafa, na mtoto akamfuata. Lukusa alikwenda kusaidia kuchimba kaburi. Aliporudi alinawa mikono, akaichukua sufuria ya Numbi, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa.

Kwao Numbi, ndugu anayemrudisha dada yake hubeba kwanza sufuria yake. Mwanamke hufuata sufuria. Kwa siku zote zile Kitenge alikuwa ameuliza tu. Hakuwahi kuigusa. Adhuhuri ile Lukusa alimnyooshea sufuria kwa mikono miwili.

"Shemeki, chukua."

Kitenge alimtazama dada yake, akiificha mikono mgongoni.

"Lukusa," akasema Numbi, "mi sijakataa kwenda na wewe."

"Najua. Ndiyo maana naitoa mi mwenyewe."

Numbi alilia njia nzima hadi nyumbani kwa Kitenge, macho yake kwenye ile sufuria iliyotangulia mikononi mwa ndugu yake.

Treni ilikuja Jumapili, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa. Wenye treni walikataa milango; watu tu. Numbi, aliyerudi kumuaga mumewe aliyekwisha kupanda, alimshika kifundo cha mkono kutoka chini.

"Niambie ile ya mulangoni. Ile ya kungoja."

Behewa lilipotikisika Lukusa aliukamata ukingo wa chuma. Ile ya kungoja hakuisema.

Habari yake ilifika mara moja tu: msafiri alisema alimwona mjini Kamina, njiani kwenda Kasai, akiwa na homa, ameketi kando ya reli. Baada ya hapo, kimya.

Kitenge aliusukuma mlango hadi nyumbani kwa mkokoteni, akautia kwenye chumba cha dada yake, yale maandishi ya *hang on* yakielekea ndani. Hapo ndipo Numbi alipojifungua mtoto wa kike. Mtoto alipoanza kusimama, alijiegemeza kwenye ule mlango, na kila siku viganja vyake viliondoka na chaki kidogo. Numbi alimtazama tu. Hakumkataza.