Hodhi Kavu la Lukenya

Mama alipotoka hospitali miguu imemvimba, daktari alinivuta kando akaniambia nimpe chochote atakacho. Alitaka kitu kimoja tu: kuoga amelala, maji yamfike kidevuni, kama alivyoona kwenye televisheni. Na kwa nini asitake? Tangu utotoni alibeba maji mgongoni, mkanda wa mtungi ukamchimba utosini hadi ukaacha bonde lisilofichwa na nywele.

Nikatafuta nyumba ya kulala wageni kwenye simu, nikaipata Lukenya. Hodhi jeupe la kuogea, dirisha linatazama kilima. Bei yake ilinikausha mate, lakini nililipa.

Asubuhi ya safari nilimkuta mlangoni kwetu Mumbuni na mitungi miwili ya plastiki, imejaa pomoni. Kwetu Ukambani huendi kulala ugenini mikono mitupu, na wakati wa kiangazi zawadi ni maji.

"Mwaitu, hii tuache," nilimwambia mama. "Kule ni mahali ya watu wakubwa. Watatucheka."

"Nyumba ya watu huwezi jua kama iko na maji."

Nilifunga buti ya gari nikaiacha mitungi palepale. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lenyewe halikuwa langu.

Tulipofika, nyumba ilinuka panya. Vumbi la machimbo ya mawe ya jirani lilikuwa limetanda kwenye shuka. Nikakimbilia bafuni, nikafungua bomba. Likakoroma, likatema mchanga, likanyamaza.

"Maji iliisha Alhamisi, madam," mlinzi wa pale akasema, mzee mpole. "Lori imesema inakuja kesho." Alituletea jagi la maji yake mwenyewe ya kunywa. Mwenye nyumba nilimpigia simu hadi nikachoka.

Kesho ikafika, lori halikufika. Nilikuwa nafunga mizigo kwa hasira mama aliponiita. Alikuwa ameingia ndani ya hodhi kavu na nguo zake, amelala chali, anatazama kilima.

"Nilitaka kujaribu tu," akasema. "Sasa siwezi kuamka."

Nilimvuta kwapani, nikashindwa. Nikajaribu tena, akapiga ukelele wa maumivu. Ikabidi nimwite mlinzi. Maskini, alimwinua huku ameugeuza uso ukutani, lakini leso ya mama ilifunguka kiunoni ikaanguka, na mama akafumba macho. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukarudi Mumbuni. Mitungi tuliikuta mlangoni, imejaa vilevile. Niliwasha jiko, nikayapasha maji moto, nikayamimina kwenye beseni, nikapiga magoti nimvue viatu.

Akaushika mkono wangu. "Wacha, mwanangu. Leo nimeonwa ya kutosha."

Baada ya hapo hakuniruhusu kumwogesha. Mwezi uliofuata wahudumu wa mochari ndio waliomwosha. Nilisimama nje nimeshika nguo zake, nikisikia maji yakimwagika, mengi, bila kukatika.