Matundu ya Sindano Kwenye Sketi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu aliacha kuniamini siku muuguzi alipoigeuza sketi yake ndani nje.

Mnivumilie, naandika polepole.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka arobaini nimesitiri watu. Akina mama wenye matumbo, akina baba wenye vifua bapa. Anayeingia kwangu kajikunja hutoka kanyooka.

Mjukuu wangu nimemlea tangu ana miaka minne. Akapata kazi ya mapokezi kwenye kiwanda cha rangi.

Huko, kwa unene wake, wakambatiza jina. Tangi.

Aliyelianzisha ni kijana wa stoo, mwembamba kama mpini wa fagio. Koti lake la harusi nililishona mimi, na sponji za mabegani nilimtilia mbilimbili ili aonekane ana kifua. Sikumtangaza kwa mtu.

"Tangi, naona kiti kinaomba likizo," alikuwa akimwambia, na ofisi nzima inacheka.

Mjukuu wangu naye alicheka. Kisha akaacha kula.

"Kula mama, hata mkate mkavu."

"Bado, bibi. Bado kidogo tu."

"Bado nini?"

Ananibusu kichwani, huyo anakwenda zake. Chai inapoa mezani.

Miezi minane hiyo. Mashavu yakabonyea. Nywele zikajaa kwenye kitana. Mfagizi wa ofisini kwao, mama mmoja mpole, alikuwa akimwekea ndizi kwenye droo kila siku bila kusema neno. Ndizi zilioza humohumo.

Siku moja akaanguka kwenye ngazi za kiwanda.

Aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari ni yuleyule kijana wa stoo. Analia njia nzima. Hilo nalo nalisema, maana ni kweli.

Hospitalini daktari alinivuta pembeni. "Bibi, mwili ulipokosa chakula umeanza kujila wenyewe. Moyo umeguswa. Asipokula sasa, sina la kukuahidi."

Muuguzi alikuwa akikunja nguo za mjukuu wangu. Akaigeuza ile sketi nyeusi ya kazini, akaitazama mishono.

"Hii imepunguzwa mara tano," alisema. "Mama yangu alikuwa fundi. Nayajua haya matundu, uzi ukifumuliwa yanabaki."

Mjukuu wangu akafumbua macho.

"Nani kaipunguza?"

Nikakisogelea kitanda.

"Mimi, mama. Kila nilipoona imelegea, Jumapili ukienda kuoga naibana pembeni. Niliogopa ikuvuke mbele ya wale watu, wakakupa jina jingine."

Aliinua vidole viwili.

"Bibi, kila asubuhi nilikuwa naingiza vidole viwili kwenye kiuno cha sketi. Nilijiapia, siku vikipita bila kubanwa, ndiyo siku nitakula."

Miaka arobaini ya ufundi, nikakosa pa kuiweka mikono.

Nikaivua futi yangu ya kupimia shingoni, nikamzungushia kiunoni taratibu, palipobaki mfupa.

"Tazama mwenyewe. Sentimita hamsini na tatu. Umekwisha, mwanangu. Kula sasa."

Hakuitazama namba. Aliishika ncha ya futi, akaipapasa kama mnunuzi anayekagua kitambaa.

"Na hii nayo umeichezea wapi, bibi?"

Akageukia ukutani.

Leo ni wiki ya tatu. Kioo anasema kinadanganya, mizani anasema imeharibika. Sahani inakuja, inarudi ilivyokuja. Muuguzi huipasha moto mara mbili, huenda akabadili nia. Namshukuru.

Wewe mwenye mtu anayeyeyuka nyumbani kwako, mwambie unachokiona, hata akununie mwaka mzima. Mimi niliona kila wiki, nikanyamaza, nikashona.