Picha Mbili za Ubongo Wangu Hazielewani, na Binti Yangu Anataka Kuacha Kazi

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba ubongo wangu umepigwa picha mara mbili na picha zenyewe hazielewani. Admin, nifiche jina. Huku Suji tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, mgane, naishi peke yangu milimani Upare. Bado napika makande kwa sufuria la familia, nayala mpaka yananichukia. Binti yangu wa pekee anafanya kazi hotelini Dar. Nilipomtembelea, akasikia kuna watafiti wanawapiga watu wa umri wangu MRI ya ubongo bure. Mpare na neno bure mnatujua. Nikaenda.

Kwenye mashine yao unaingizwa kama mkate kwenye tanuri. Mtafiti, dada mmoja mpole, akaniambia kwenye spika, "Baba, pumzika tu, utazame msalaba." Kweli, kwenye kioo juu ya macho kulikuwa na kimsalaba cheupe. Yeye alitaka macho yangu yatulie sehemu moja. Mimi Mlutheri, nikiambiwa kupumzika na msalaba kwa pamoja, nafumba macho nasali.

Baadaye binti yangu akachungulia kompyuta yao. Picha hiyo huonyesha sehemu za ubongo zinavyowasiliana, tuseme kama watu wanaopigiana simu. Zangu zilikuwa kimya. Binti akakumbuka siku niliyomwita kwa jina la marehemu mama yake, akalia palepale.

Wiki iliyofuata nikarudia kipimo, binti akiwa kazini. Safari hii sehemu zilezile zilipigiana simu kama wachumba. Nikamuuliza mtafiti niamini ipi.

"Baba, hatukupimi wewe," akasema. "Tunakipima kipimo."

Akanieleza kwamba wanarudia ili waone kama kitatoa jibu lilelile. Picha fupi ya mtu mmoja hubadilika akisinzia, akitikisika, hata bila sababu inayoonekana, kwa hiyo haimwambii mtu kama ni mgonjwa au mzima. Akaniomba nikamtoe binti yangu hofu.

Sijamtoa. Tangu picha ya kwanza ananipigia kila jioni kuniuliza nimekula nini. Zamani ilikuwa Krismasi, na Pasaka nikibahatika. Juzi akasema, "Baba, naacha kazi. Nakuja Suji kukutunza." Mimi nilipunguzwa kazi shamba la mkonge lilipobinafsishwa, najua kazi ikiondoka hairudi. Nilipaswa kumzuia. Nikajikuta namuuliza atapanda basi la lini.

Nikimwambia ukweli, naogopa simu zitarudi kuwa za Krismasi. Nikinyamaza, anapoteza riziki yake kwa picha isiyosema kitu. Mwisho wa mwezi anapeleka barua ya kuacha kazi. Ninyi wenye watoto wa mbali, ningekuwa baba yenu mngeniambiaje?

Ila msinishauri gizani. Nilimwambia mtafiti kwamba mara ya kwanza nilikuwa nasali. Sala haikufika amina, nililala. Mashine ilikuwa inagonga kama mafundi bati, lakini kila baada ya muda sauti ya yule dada iliniuliza, "Baba, uko sawa?" Nikajua upande wa pili wa dirisha la chumba kuna mtu ananiangalia. Tangu mke wangu afariki, sikuwahi kulala vile.